Walionisubiri Nimalize Neno

Mama husema nilianza kuongea mapema kuliko ndugu zangu wote, na kwamba nilipofika umri wa kwenda nasari maneno yakaanza kunikwama. Hakuna aliyejua sababu. Shangazi mmoja alisema nilitishwa na mbwa, mwingine akasema ni damu ya ukoo wa babu. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa na mkulima wa sukuma wiki huko kwetu pembezoni mwa Nairobi, alisema Mungu ana sababu zake, kisha akaniombea. Kigugumizi hakikuondoka.

Mtu mwenye kigugumizi hujifunza kukwepa. Neno likinisimamia mlangoni, nilitafuta ndugu yake wa kuingilia dirishani. "Barabara" ikikataa, nilisema "njia". "Kubwa" ikikataa, nilisema "pana", hata pale ambapo upana haukuwa na maana yoyote. Mwalimu wetu wa Kiswahili alidhani mimi ni mpenzi wa lugha, akawa ananisifu kwa msamiati. Lakini jina langu mwenyewe halikuwa na kisawe, na ndilo lililonitesa kuliko maneno yote. Hadi leo, nikiombwa kujitambulisha kwenye kikao, nahisi koo likijifunga kabla zamu yangu haijafika.

Nilisomea kazi za maabara, na katika miaka ya elfu mbili na kidogo nikapata ajira kwenye mradi mdogo wa utafiti wa maharagwe. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya zamani kule Spring Valley iliyogeuzwa mahali pa kazi. Chumba cha kulia chakula kilikuwa ukumbi wa mikutano, na gereji ilipakwa rangi, ikawekewa meza na kompyuta, nikapewa mimi. Nilipima majani, nikapima uzito wa mbegu, nikaingiza takwimu kwenye kompyuta. Jioni nilirudi Jamhuri, kwenye chumba nilichokodi nyuma ya nyumba ya mjane mmoja aliyenipenda kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, sikuwa na kelele.

Ofisini walikuwa watu wema, na wema wao ulinichosha. Walinimalizia maneno. Nikianza kusema "ka—", mtu alishasema "kalamu" na kunyanyuka kwenda kuileta, kumbe nilitaka karatasi. Nami, badala ya kuanza upya, nilipokea kalamu nikashukuru. Wakati mmoja nilikuwa na kalamu za kutosha kufungulia duka.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakunimalizia neno hata siku moja. Alikuwa mtafiti wetu mkuu, mwanamke kutoka upande wa Kakamega, magharibi mwa nchi, mwenye kicheko kilichosikika hadi getini. Sote tulimwita Daktari. Nilipokuwa namweleza jambo, alivua miwani, akaiweka mezani, akangoja. Hakutikisa kichwa kunihimiza, wala hakuangalia pembeni kwa kunionea haya. Neno lilipotoka alilijibu kama neno la mtu mwingine yeyote. Nilikaa muda mrefu kabla ya kutambua ni kitu gani hasa kilichonifanya nipende kwenda ofisini kwake.

Siku moja umeme ulipotea, kisha ukarudi kwa kishindo ukaiunguza kompyuta iliyokuwa na programu yetu ya takwimu. Leseni ya programu hiyo ilikuwa ya kompyuta moja tu, na kompyuta yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo inayonuka moshi. Tulikaa bila kazi mpaka Daktari aliporudi kutoka mkutano mmoja nje ya nchi akiwa na sidii ndani ya bahasha.

"Nimekuletea kitu," aliniambia. "Programu ya kuchanganua majaribio ya mashamba. Wanasayansi wenyewe wameiandika, wanaigawa bure. Na tena si bure tu. Wameiacha wazi. Unaingia ndani unasoma ilivyoandikwa, ukiona kasoro unarekebisha, unawarudishia, kila mtu anafaidika."

"Na ma-makosa yakitokea," nikauliza, "tunamwuliza nani?"

"Wao," akasema, akavaa miwani yake. "Au wewe."

Nilidhani ni mzaha.

Programu ilifanya kazi vizuri, isipokuwa jambo moja. Ilikuwa na uwezo wa kuchora ramani ya shamba la majaribio, kila kipande kwa rangi yake kulingana na mavuno. Ramani ya shamba letu la upande wa Kabete ilitoka na madoadoa kama kanga, wekundu hapa, kijani pale, bila mpangilio. Daktari aliitazama akakunja uso.

"Mimi nimetembea shamba hili," alisema. "Kona ya chini ardhi imechoka, majani ni ya manjano mstari baada ya mstari. Mbona ramani haioni?"

Niliichukua ile ramani nikaenda nayo shambani. Wafanyakazi walikuwa wakiweka vibao vya namba kwa ajili ya msimu mpya. Nikasimama kuwaangalia. Waliweka kibao cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi mwisho wa mstari. Walipofika mwisho hawakurudi mwanzo mikono mitupu. Waligeuka palepale, wakaingia mstari wa pili wakija nyuma. Mstari wa tatu wakageuka tena. Yaani namba zilitembea shambani kama nyoka. Ndivyo mashamba yote yalivyohesabiwa kwetu tangu zamani, na hakuna aliyewahi kufikiria kuna namna nyingine. Lakini programu iliandikwa na watu ambao kwao kila mstari huanzia upande uleule wa kushoto. Kwa hiyo kila mstari wa pili ilikuwa ikiupindua, na majirani shambani wakawa wageni kwenye ramani.

Nilirudi ofisini nikiwa na furaha nisiyoweza kuisema, na kwa hakika sikuweza kuisema. Maneno yaligoma yote. Nikashika kiti cha wageni ofisini kwa Daktari nikakisogeza pembeni, nikatembea sakafuni pake nikienda na kurudi, nikageuka ukutani, nikageuka dirishani. Alinitazama, kisha akapiga kofi moja la ghafla.

"Nyoka!" alisema. "Waandikie."

"Mi-mimi?"

"Wewe ndiye umeona. Unaandika vizuri kuliko mtu yeyote katika nyumba hii. Waandikie."

Mtandao wa ofisini ulipita kwenye laini ya simu, na mtu akipiga simu ulikatika. Kwa hiyo Jumamosi nilishuka mjini, kwenye saiba moja ya ghorofani karibu na Barabara ya Tom Mboya, nikakaa mbele ya kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi. Watu wa ile programu walikuwa na kikundi cha barua pepe, ambapo mmoja akiandika wote waliosajiliwa wanasoma. Nilianza kuandika, nikafuta, nikaanza tena. Halafu ndipo nilipogundua jambo ambalo huenda wengine wangelicheka. Ule mstari mdogo wa kuandikia kwenye skrini unapepesa na kungoja. Hauchoki. Haukumalizii neno. Nilimweleza mtu nisiyemjua habari za nyoka wa Kabete, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nilipoisoma barua ile sikupata mahali popote nilipokwepa neno. Nilikuwa nimetumia kila neno nililolitaka.

Jibu lilitoka kwa mama mmoja aliyesimamia mradi huo, mwalimu wa takwimu katika chuo cha nchi ya baridi. Hakunipongeza wala hakunipuuza. Aliniuliza maswali. Je, kuna mashamba ambayo namba huanzia chini? Je, mstari ukikosa kipande kimoja kwa sababu ya mti au jiwe, nyoka anapita wapi? Na mwishoni: kwa kuwa umeona tatizo vizuri hivi, ungependa kujaribu kulirekebisha wewe mwenyewe?

Nilikuwa nimejifunza kidogo kuandika programu chuoni, kidogo sana. Nikanakili maandishi ya programu kwenye flashi, nikaenda nayo ofisini, na kila nilipomaliza kazi ya maharagwe niliyasoma. Yalikuwa kama barua ndefu iliyoandikwa na watu wengi. Ukizoea unaanza kutambua mkono wa kila mmoja. Nilirekebisha, nikatuma. Mama yule alinirudishia na kasoro zake, kila moja akiieleza. Nikarekebisha tena. Akanirudishia tena.

Nilimpelekea Daktari barua ile ya pili nikiwa nimevunjika moyo. Nilimwambia, kwa taabu, kwamba nadhani huyu mama ananifukuza kwa heshima.

Aliisoma yote. "Ndugu yangu," akasema, "mtu anayekufukuza hakuandikii kurasa mbili."

Hiyo sentensi nimeitumia kwa watu wengi tangu wakati huo. Nilirudi gerejini nikaketi. Marekebisho ya tatu yalipita. Mama yule akawatangazia wote kwamba kuanzia toleo linalofuata programu yao itajua kutembea kama nyoka, na akamshukuru mwenzao wa Nairobi kwa jina. Niliisoma Jumamosi nyingine pale saiba. Nilisoma jina langu polepole, mara nyingi, bila koo kujifunga.

Baada ya hapo watu walianza kuniuliza. Mtafiti mmoja wa mpunga kutoka Asia aliandika kwamba hata wao wafanyakazi wao hawarudi nyuma mikono mitupu, na kwa miaka yote alikuwa akizipindua namba kwa mkono. Mwingine alikuwa na shamba la mduara. Nikawa mtu wa kujibu maswali ya mpangilio wa mashamba, na nilijibu kwa urefu, na mifano, na hata utani. Siku moja mtu wa Brazili aliandika, kwa upole lakini kwa uchovu kidogo, "Rafiki yetu wa Nairobi ni msemaji sana." Nilicheka kwa sauti hata jirani yangu wa saiba akageuka kuniangalia. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunilaumu kwa kusema sana. Nilitamani baba aione.

Kisha ukaja mwanzo wa mwaka wa elfu mbili na nane, nchi ilipochafuka baada ya uchaguzi. Ofisi ilifungwa. Mimi nilikuwa nimeenda nyumbani kwa wazazi Krismasi, nikabaki huko. Redio ilisema mambo ambayo ningependa kuyasahau, na kila mtu aliyetoka upande mmoja wa nchi alianza kumwangalia wa upande mwingine kwa jicho jipya. Nilimfikiria Daktari. Alikuwa akikaa Ngara na watoto wake wawili, na sikujua majirani zake walikuwa wakisema nini juu ya watu wa magharibi.

Simu nilikuwa naichukia kuliko kitu chochote. Kwenye simu hakuna anayekuona ukihangaika. Aliye upande wa pili anasikia kimya tu, anadhani laini imekatika, anakata. Lakini asubuhi moja nilitoka hadi nyuma ya boma la ng'ombe nikampigia.

"Haloo," alisema.

Neno halikutoka. Nilijaribu jina lake, likakataa. Nikajaribu salamu, ikakataa. Nilisikia sauti ya mtoto huko kwake, na kijiko kikigonga sufuria. Nilingoja akate.

"Ni wewe," akasema Daktari taratibu. "Ninakujua hata ukinyamaza. Pumua. Sisi tuko salama. Jirani yetu, mama wa huko kwenu, ndiye anatuletea maziwa. Sasa pumua, uniambie na nyinyi mko vipi. Sina haraka."

Nikamwambia. Ilichukua muda, na alingoja muda wote huo. Nilipokata simu niliona mama amesimama mlangoni mwa jiko akinitazama, machozi yakimtoka. Hakuuliza nilikuwa nikiongea na nani, wala ni wa wapi. Aliniambia tu, "Baba, njoo unywe chai."

Ofisi ilipofunguliwa tena, nilifungua barua pepe nikakuta watu wa programu wameniandikia. Mtu wa mpunga aliuliza kama niko hai. Yule wa Brazili alisema kikundi kimekuwa kimya mno, na kwamba anaomba radhi kwa utani wake. Mama msimamizi aliandika mstari mmoja: maswali ya mashamba yangoje, tuambie wewe uko wapi. Hawa hawakuwahi kuniona. Hawakujua nina urefu gani wala natoka kabila gani. Nilifunga mlango wa gereji, nikaanza kuwajibu mmoja mmoja.

Mwaka huohuo, hali ilipotulia, Daktari alipanga mafunzo ya siku chache katikati ya jiji kwa watafiti wa kwetu na wa nchi jirani, ili wajifunze ile programu. Mama msimamizi alikubali kuja. Na sehemu ya mpangilio wa mashamba, wakaandika kwenye ratiba bila kuniuliza, ingefundishwa na mimi.

Nilimwendea Daktari kukataa. Alivua miwani, akasikiliza sababu zangu zote, akasema, "Mwambie mwenyewe. Yeye ndiye amekuchagua."

Ndipo nilipomwandikia mama yule jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwenye kikundi. Nilimwambia kwamba yule msemaji sana wa Nairobi ana kigugumizi kikali. Nilitarajia pole, au kutiwa moyo, jambo ambalo ni baya zaidi. Alijibu: "Asante kwa kuniambia. Ungependa tufanye nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilitembea nalo kutwa nzima. Mwishowe nikamwandikia mambo mawili: niruhusiwe kuandika maelezo yangu kwenye kompyuta yakionekana ukutani, na mtu yeyote asinimalizie neno. Akajibu, "Sawa."

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya juu ya jengo moja la mjini, madirisha yakitazama upande wa Ngara. Mama msimamizi alikuwa mfupi kuliko nilivyomwazia, mwenye nywele nyeupe na viatu vya kupandia mlima, kana kwamba Nairobi ni msitu. Aliponiona alinishika mikono yote miwili akasema "Mwalimu wa nyoka!" kwa Kiswahili alichofundishwa na Daktari asubuhi ileile, nao wawili wakacheka kama wasichana wa shule.

Nilianza kwa kuandika. Maneno yakatokea ukutani: Habari za asubuhi. Mimi nina kigugumizi, kwa hiyo nitaandika. Nikisema na neno likikwama, tafadhali ningojeni, litakuja. Wakasoma, wakatikisa vichwa kukubali, tukaendelea. Mambo yalikwenda vizuri mpaka karibu na saa nne, umeme ulipopotea.

Ukuta ukawa mweupe. Watu wakanigeukia. Nilimtafuta Daktari kwa macho, nikamwona ameketi nyuma, ametulia kama mtu anayesikiliza mahubiri. Nikafungua mdomo niseme neno "safu", na neno likaganda. Nilisikia magari chini barabarani. Mtafiti mmoja kutoka Uganda, aliyeketi mstari wa mbele, alinionea huruma akafungua kinywa kunisaidia. Halafu akakumbuka, akakifunga. Akaweka mikono mapajani akangoja. Wote wakangoja. Ukumbi mzima, watu wenye shahada zao, walikaa kimya wakisubiri silabi moja ya fundi wa maabara, wala hakuna aliyeangalia saa.

"Sssafu," nikasema.

Kisha nikasema, kwa vipande vipande, kwamba wasimame. Nikawapanga katikati ya ukumbi kwa mistari, kila mmoja akiwa kipande cha shamba, mwingine maharagwe mekundu, mwingine meupe. Nikamfanya yule wa Uganda kuwa jiwe, vipande vikapungua. Kisha nikatembea katikati yao nikiwapa namba, nikifika mwisho nikageuka. Walianza kucheka, wakaanza kubishana. Mtu wa Tanzania akasema shamba lao huhesabiwa kwa kuanzia chini, twende atuonyeshe, na sote tukageuka tukatembea kwa kuanzia chini. Mama msimamizi alitembea nasi akiwa kipande cha mwisho. Umeme uliporudi hakuna aliyerudi kitini mara moja.

Nilikwama mara nyingi siku hiyo. Sitaki kudanganya kwamba ulimi ulifunguka kwa muujiza. Kilichobadilika ni kwamba sikukwepa. Tuliposhuka kwenda kula kwenye hoteli ya barabara ya nyuma, mhudumu aliponiuliza, nilisema ninataka biriani. Kwa kawaida ningeagiza wali, kwa kuwa wali haunisumbui. Biriani ilichukua muda kutoka mdomoni. Mhudumu alibadilisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mama yule na Daktari wakaendelea na mazungumzo yao kana kwamba hakuna linalotokea, na hatimaye ikaja, na ilikuwa na pilipili nyingi mno kwa yule mama mgeni aliyeniiga kuagiza.

Leo ile programu ina wasimamizi wengine. Mama wa nchi ya baridi alistaafu, na bado hunitumia salamu mwaka mpya. Daktari alirudi magharibi kufundisha, na tunapigiana simu. Mimi ndiye ninayempigia. Mimi mwenyewe niliacha maabara, nikawa mwandishi wa programu za watafiti, kazi ambayo sikujua kama ipo hadi nilipojikuta nimeshaianza. Nimeulizwa mara kadhaa ni nani aliyenifundisha. Huwa nataja wale watu wote niliowaeleza hapa, na wengine ambao sura zao sizijui hadi leo, na huchukua muda kuwamaliza, kwa sababu majina yao mengi yanaanza na herufi zinazonikwama. Ninawataja hata hivyo.